Mama Hadubini na Mstari Uliopinda

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenzake wa idara ya maji, wauguzi mliokuja na sare zenu moja kwa moja kutoka zamu, na nyinyi mliosimama huko nje kwa kuwa viti vimekwisha, tunawaomba mtulie kidogo tumsindikize dada yetu kwa maneno. Haya ni maisha yake kama familia ilivyoyakusanya, mume akieleza lake, watoto wakisahihisha tarehe, na anayeyasoma ni mdogo wake wa mwisho, kwa sababu wengine wote wamesema sauti zao hazitafika mwisho.

Wengi wenu mlimwita Mama Hadubini, na wapo humu ambao jina lake la cheti hawajapata kulisikia, basi leo pia ataitwa hivyo, kwa kuwa yeye mwenyewe aliliitikia upesi zaidi kuliko lile alilopewa na baba.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1963, katika chumba cha nyuma cha nyumba za watumishi wa posta, ambako baba yetu alikuwa karani wa barua na mama yetu alishona nguo za watu kwa cherehani ya miguu, yeye akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano. Utotoni alikuwa mpole wa maneno na mgumu wa kichwa, alifuga viluwiluwi kwenye kikombe cha baba cha kunyolea ndevu, na siku baba alipokitumia bila kutazama, nyumba nzima ilikimbia isipokuwa yeye, aliyebaki pale akilia kwamba wamemwagwa kabla hawajaota miguu.

Alianza shule ya msingi mwaka 1970, akamaliza mwaka 1976, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1982, kisha akafundisha kwa muda kabla ya kuingia chuo kikuu mwaka 1984 kusomea elimu ya viumbe, akahitimu mwaka 1987. Hesabu hakuzipenda, nazo hazikumpenda, na katika taarifa moja ya shule ambayo mama aliihifadhi, mwalimu wa hisabati ameandika maneno matatu tu, "Anabishana na grafu", maneno ambayo baba aliyasoma kama malalamiko na mama akayasoma kama sifa.

Tarehe 1 Machi 1988 aliajiriwa na idara ya maji kama mtaalamu wa maabara, katika kile chumba kilicho nyuma ya nyumba ya pampu, chenye dirisha moja linalotazama matangi, sinki lililopasuka, harufu ya klorini isiyotoka nguoni hata ufue mara ngapi, na hadubini nzee. Kazi yake ilikuwa kwenda bwawani kwa mashua kila wiki, kuchota maji katika vituo vyake vya kawaida, kuyarudisha kwenye chupa, kisha kuhesabu chini ya kioo vile viumbe vidogo vya kijani tunavyoviita mwani, kwa sababu aina moja ya mwani huo, ikizidi, hutoa sumu ambayo kuchemsha maji hakuiondoi. Wahudumu wa pampu ndio waliompa jina, kwani kila alipotoka mle ndani alikuwa na duara jekundu kuzunguka jicho la kulia, kama mtu aliyebusiwa na kikombe.

Tarehe 14 Desemba 1991 alifunga ndoa na mwoka mikate wa barabara ya hospitali, mwanamume mwenye maneno machache, aliyempenda, kama alivyotuambia juzi, kwa kuwa ndiye mteja pekee aliyewahi kumwuliza hamira inakula nini. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mkubwa mwaka 1993, mtoto wa kiume mwaka 1996 na kitindamimba wa kike mwaka 2000, na nyumba yao ilikuwa ile iliyo juu ya tanuri, yenye joto mwaka mzima, ambapo watoto walilala wakinusa mkate na kuamka wakinusa klorini.

Sasa tunaingia katika sehemu ya maisha yake ambayo aliizungumza kwa shida, na ambayo mumewe ametuomba tusiiruke.

Kwa miaka mingi idara ilikuwa ikitabiri mwani kwa kanuni ambayo dada aliirithi kutoka kwa waliomtangulia, kwamba maji yakipata joto mwani huongezeka na yakipoa hupungua, na kwenye karatasi jambo hilo lilichorwa kwa mstari mmoja ulionyooka kama uzi wa mwashi. Mwezi Machi 2004 joto lilikuwa la kawaida tu, mstari ukasema hakuna hatari, naye akaandika kwamba hakuna hatari. Lakini mvua zilikuwa zimetoka kuosha mashamba na kuingiza mbolea bwawani, kisha upepo ukafa kwa siku kadhaa, maji yakatulia kama kioo, na mwani ukapanda kwa namna ambayo mstari ulionyooka haukuwa na pa kuiweka. Mjini watu waliumwa matumbo, wakalaumu samaki, wakalaumu maembe, ikapita. Katika wodi ya figo haikupita, kwa sababu pale maji hayaendi tumboni, yanapitishwa kwenye mashine jirani kabisa na damu ya mgonjwa, na machujio ya wakati ule yalikuwa yamechoka. Wagonjwa watatu walizidiwa, na mmoja wao, mwalimu wa chekechea aliyekuwa akimfundisha kitindamimba wake kushika kalamu, alifariki.

Dada yetu alikwenda kwenye maziko yale akakaa nyuma kabisa, karibu na mlango. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa hakuna aliyejua kwamba kulikuwa na mstari. Mumewe anasema kwamba kwa majuma kadhaa baada ya hapo alikuwa akifungua bomba la jikoni, anayatazama maji yakitiririka, analifunga bila kuyatumia.

Mwaka 2006 aliomba ruhusa ya kwenda kusoma takwimu upya, akanyimwa, akatumia likizo yake mwenyewe kuhudhuria mafunzo mafupi katika chuo kikuu, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu kati ya vijana waliomdhania kuwa mama wa mmoja wao aliyeleta chakula. Mwalimu wa takwimu alikuwa mwanamke aliyezidiwa umri na dada kiasi cha kutosha kabisa kuitwa mdogo wake, mwenye sauti ya chini, aliyeandika ubaoni kwa mkono wa kushoto na kufuta kwa wa kulia kabla watu hawajamaliza kunakili. Siku ya kwanza aliutazama mstari wa dada yetu ulionyooka, akauliza nani aliamua kwamba mwani unatembea hivyo.

Kisha akawaonyesha kwamba mstari unaweza kujengwa kwa vilima vidogo vingi vinavyopandishana, kimoja kikiinuka pale data inapoinuka, kingine kikilala pale inapolala, na umbo la mwisho halitoki kichwani mwa mtu, linatoka kwenye vipimo vyenyewe. Jambo gumu, alisema, ni kujua uhuru huo uishie wapi, kwani mstari ulioachiwa kabisa utapita kwenye kila nukta, utafuata hata kosa la chupa iliyooshwa vibaya, mwishowe utafanana na mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana, ukimbadilishia swali moja anabaki kukutazama. Kwa hiyo kila mpindo una adhabu yake, mstari unaruhusiwa kupinda, ila data iwe na sababu nzito ya kuupinda.

Nusu ya kwanza ya somo hilo ilimwingia moyoni, nusu ya pili iliingia masikioni tu. Alirudi nyumbani kama mtu aliyepata dini, akaweka kompyuta kwenye meza ya kukandia unga kwa kuwa ndiyo meza pekee iliyokuwa kubwa, akaingiza vipimo vyake vya miaka yote, joto, mvua, upepo, kina cha maji, hadi vitufe vikakwama kwa unga, na mumewe akawa anamtania kwamba mistari yake inaumuka vizuri kuliko mikate yake.

Mwezi Februari 2008, wakati wa joto kali lisilo la kawaida, mstari wake mpya ulipinda kwenda juu kwa ghafla, ukapita alama ya hatari ukaendelea kupanda. Akakimbia kwa mkurugenzi wa idara. Mkurugenzi alikuwa mhandisi, mtu wa mabomba na zege, na familia inaomba ieleweke kwamba hakuwa mtu mbaya, kwa kuwa yupo hapa nasi leo, ameketi mstari wa mbele na kofia yake magotini. Alimsikiliza, akamwamini, akaamuru maji ya mji mzima yafungwe. Mji ukabeba ndoo. Shule zikafungwa, vyoo vya hospitali vikafurika, tanuri la mumewe likapoa kwa mara ya kwanza tangu alipolirithi kutoka kwa baba yake, na watu waliopita dukani waliuliza kwa sauti ya kusikika kama mkate wa leo umeokwa kwa mate ya mkewe. Majibu ya maabara kuu yalipokuja, maji yalikuwa safi. Hapakuwa na mwani wa kutosha hata kumdhuru bata.

Mkurugenzi alimwita, hakumwalika kukaa, akamwambia maneno ambayo dada aliyakariri mpaka mwisho wa maisha yake.

"Kuanzia leo, Mama, utaniletea namba. Ushauri baki nao."

Nyumbani mumewe alikuwa akipangusa tanuri lililopoa, akamwuliza bila kugeuka, "Mke wangu, ulikosea au ulidanganywa?"

"Niliuamini mstari mahali ambapo sikuwa na kipimo hata kimoja," akasema. "Joto kama lile sikuwahi kulipima. Mstari ulifika mwisho wa data, ukajiendea wenyewe, nami nikaufuata."

Hapo, ndugu waombolezaji, mtu mwingine angerudi kwenye uzi wake wa mwashi, au angeomba uhamisho. Dada yetu alimwandikia mwalimu wa takwimu akamweleza yote, na mwalimu akajibu kwa swali moja, kwamba katika kuutengeneza mstari ule, alikuwa ameuficha mwaka upi. Hakuwa ameficha wowote. Akaanza upya. Alijifunza kuuficha mwaka mmoja, kuutengeneza mstari kwa miaka iliyobaki, kisha kuufunua ule uliofichwa aone kama mstari ungeutabiri, na mara nyingi haukuweza, akauvunja, akaanza tena. Alijifunza kwamba chupa saba zilizochotwa asubuhi moja katika ghuba moja si mashahidi saba, ni majirani waliosikia uvumi kutoka mdomo mmoja, na ukiwahesabu kama saba utajiona una hakika ambayo huna. Alijifunza kutazama mabaki, yaani kile kinachosalia kwenye vipimo baada ya mstari kuchukua fungu lake, na ni katika mabaki hayo alipogundua kwamba joto peke yake linasema kidogo na upepo peke yake unasema kidogo, ila utulivu wa upepo unaokuja baada ya mvua una umbo lake la peke yake, linalotofautiana kituo hadi kituo. Na alijifunza kuchora kile kivuli cha kijivu kinachouzunguka mstari, kinachonenepa pale asipojua na kukonda pale anapojua, akasema kwamba laiti angekuwa nacho mwaka 2008, kingekuwa kinene kuliko ukurasa.

Kazi hiyo ilichukua miaka mitano, na katika miaka hiyo alipeleka namba kwa mkurugenzi kila Jumatatu, akaziweka mezani, akaondoka.

Jumatatu moja ya mwezi Novemba 2013 hakuondoka. Mvua za kwanza zilikuwa zimekwisha wiki iliyotangulia, upepo umekufa tangu Ijumaa, na mstari wake ulikuwa umeinuka kuliko wakati wowote tangu auamini. Lakini kivuli kilikuwa kipana, ukingo wake wa chini ulikuwa chini ya alama ya hatari na ukingo wa juu ulikuwa mbali sana juu yake, na chupa ya asubuhi ile, iliyochotwa kwenye ukuta wa bwawa, ilikuwa safi. Mkurugenzi alizitazama namba, akamtazama yeye aliyekuwa bado amesimama, akamwambia aseme.

Dada alieleza, na mkurugenzi akamkatiza, akataka kujua ni ndiyo au hapana.

"Si ndiyo wala si hapana," akasema. "Nikiwa nimekosea mimi, watu watabeba ndoo na watanitukana tena. Ukiwa umekosea wewe, itaanzia wodi ya figo."

Mezani palikuwa na jagi la maji, na mkurugenzi alikuwa amejimiminia glasi, akaishika muda mrefu bila kuinywa. Alisema hataufunga mji, hawezi, si kwa chupa iliyo safi, si baada ya ile mara nyingine. Dada akasema haombi mji, anaomba koki moja tu, ile ya bomba linalokwenda hospitali, wodi iletewe maji ya kisima kirefu kwa lori mpaka upepo urudi. Mwishowe mkurugenzi alikubali koki hiyo moja, akaongeza kwamba maji yakionekana safi tena, Mama Hadubini asijisumbue kurudi ofisini.

Tunapoambiana habari hii nyumbani, watu hufikiri kwamba sehemu ngumu ilikwisha pale. Ilikuwa ndiyo inaanza, kwa sababu kumchelewesha mgonjwa wa figo nako kunaua. Lori la kwanza lilifika kwa kuchelewa, la pili liliharibika klachi njiani, na muuguzi mkuu wa wodi, ambaye pia yupo hapa na ametupa ruhusa ya kusema hivi, alimpigia simu Jumanne mchana akamwuliza kama anajua mapafu ya mtu yanavyosikika yakijaa maji. Alimwambia aje asikie mwenyewe. Dada alikwenda. Alisimama mlangoni pa wodi, akawaona watu waliokaa kwenye viti vyao na miguu iliyovimba wakitazama mashine zilizozimwa, na kati yao alikuwapo fundi saa wa sokoni, mzee aliyekuwa akihema kama aliyepanda ngazi ilhali amekaa. Muuguzi hakumfokea mbele yao. Alimwuliza tu kwa sauti ya chini kama bado anataka koki ibaki imefungwa, na chupa ya pili, ile ya asubuhi ya Jumanne, ilikuwa imetoka safi pia.

Dada alisema ibaki. Binti yake mkubwa, ambaye siku hiyo alimsindikiza, anakumbuka kwamba alisema neno hilo akiwa ameshika fremu ya mlango, na walipotoka nje alikaa kwenye kibaraza cha hospitali, akavua viatu. Fundi saa alihamishiwa chumba cha wagonjwa mahututi jioni ile.

Jumatano asubuhi hakwenda ukutani mwa bwawa. Mstari wake ulikuwa ukisema kituo kingine, ghuba iliyo nyuma ya kilima cha mikaratusi, ambako mashua haikuwa ikienda mara kwa mara kwa sababu ya visiki, akamwomba mwendesha mashua ampeleke. Walipozunguka kilima mwendesha mashua alizima injini bila kuambiwa. Ghuba yote ilikuwa imefunikwa, maji yalikuwa mazito na ya kijani kibichi kama rangi ya mlango iliyomwagika, bila wimbi wala pumzi ya upepo, na ulimi wake mmoja mrefu ulikuwa umeshaanza kutambaa kuelekea mnara wa kuchukulia maji.

Alimpigia mkurugenzi palepale, akiwa amesimama kwenye mashua. Mkurugenzi aliuliza kama ana hakika.

"Niko juu yake," akasema.

Mkurugenzi akasema, "Nafunga," na akaufunga mnara kabla ya kumwuliza mtu mwingine yeyote.

Mji ulibeba ndoo tena, ukanung'unika tena, na majibu ya maabara kuu yalipokuja Ijumaa yalionyesha sumu iliyopita kiwango mara nyingi. Yalionyesha na jambo jingine ambalo lilimfanya mkurugenzi akae chini. Maji yaliyochukuliwa kwenye bomba kuu yalikuwa na sumu tangu Jumanne alasiri, yamepita chini kwenye kina wakati ukuta wa bwawa ukionekana safi, kwa hiyo kama ile koki moja ingekuwa wazi, mashine za wodi zingeyapokea jioni ileile. Mjini watu waliumwa matumbo. Wodini hakuna aliyezidiwa kwa sumu.

Fundi saa alitoka mahututi akiwa hai, lakini hakurudi kuwa mtu yule wa mwanzo, mikono yake ilipoteza utulivu na duka lake likafungwa, na familia yake haikumsamehe dada yetu, wala yeye hakuwaomba wamsamehe. Alikwenda kumtembelea kila juma mpaka mzee alipofariki mwaka 2015. Hakuwahi kumwambia kwamba alimwokoa, kwa sababu, kama alivyosema kwa mumewe, wodi ile iliokoka, hilo analijua, ila yeye mzee mmoja huenda angepona hata bila koki kufungwa, na hakuna mstari utakaomwambia.

Sherehe haikufanyika, wala hakutaka. Mkurugenzi hakuomba radhi kwa maneno, lakini Jumatatu iliyofuata dada alipoweka namba mezani na kugeuka, alivutiwa kiti, akaulizwa angefanyaje. Tangu siku hiyo hadi mkurugenzi alipostaafu, Jumatatu zao zilikuwa ndefu na za kubishana, na makatibu wanasema walizoea kusikia sauti zikipanda mle ndani na kutoka na chai iliyopoa bila kuguswa.

Mwaka 2016 idara ilimwajiri binti mmoja wa maabara, mkimya na mwepesi wa kompyuta, na dada yetu akamfundisha kazi kwa ukali ambao watoto wake mwenyewe hawakuupata. Kila binti alipoleta mstari mzuri, aliulizwa ameuficha mwaka upi. Kila alipoleta kivuli chembamba, aliambiwa akakitafute kilichokikondesha. Siku moja alilia, akasema hata afanye nini Mama haridhiki, na Mama Hadubini akamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi yenyewe, kisha akamtuma dukani kwa mumewe akale mkate wa moto, na baada ya hapo binti alikula pale kila siku ya kazi. Marehemu alistaafu tarehe 30 Aprili 2023, akakabidhi funguo za chumba kile, na wiki iliyofuata akaonekana getini akiuliza upepo ukoje.

Mwezi Januari 2024 alianza kulalamika maumivu ya mgongo na kukosa hamu ya chakula, akapimwa, na tarehe 20 Februari ikagundulika kuwa ni saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa. Daktari alimwambia kwa upole kwamba ana kama miezi sita. Dada aliuliza hiyo sita imetoka kwa wagonjwa wangapi, walikuwa wa umri gani, na walioishi muda mfupi kabisa na mrefu kabisa waliishi kiasi gani, na daktari, ambaye tunamshukuru sana, aliiweka kalamu chini, akavuta kiti karibu na kitanda, akazungumza naye kweli. Mumewe anasema alitoka hospitali siku ile akiwa mtulivu kuliko alivyoingia. Aliugulia nyumbani, juu ya tanuri, watoto wakipokezana, na katika miezi hiyo alimfundisha mjukuu wake wa kwanza kutazama tone la maji ya chungu cha maua chini ya ile hadubini nzee ambayo idara ilimpa alipostaafu.

Alifariki tarehe 13 Novemba 2024, saa tatu asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, akiwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wawili na wadogo zake wawili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya saratani, na kwa namna ya pekee wauguzi wa wodi ya figo, waliokuja kumwogesha wakati haikuwa kazi yao. Tunawashukuru majirani wa barabara ya hospitali, mliopika, mliolala na sisi, mliowasha tanuri wakati shemeji yetu hakuweza kulisogelea. Tunaishukuru idara ya maji, wahudumu wa pampu, mwendesha mashua, na mkurugenzi mstaafu, uliyebeba jeneza asubuhi hii ingawa daktari wako amekukataza kubeba chochote. Tunawashukuru ndugu wa fundi saa, tuliowaona wameingia na kuketi nyuma, hatukutarajia, karibuni.

Na kuna mmoja ambaye wengi mmekuwa mkimwulizia tangu asubuhi, wengine kwa kumlaumu. Binti wa maabara hayupo hapa. Mvua zimekwisha wiki iliyopita, na tangu juzi, kama mlivyoona wenyewe mkijipepea kwa karatasi, hakuna jani linalotikisika. Alipiga simu alfajiri akilia, akataka kujua kama familia itamwelewa, na mume wa marehemu akaichukua simu, akamwuliza yuko wapi. Akasema yuko kwenye mashua, anaelekea ghuba ya nyuma ya mikaratusi. Shemeji yetu akamwambia, "Basi endelea, mwanangu. Huku tumeshamshika."

Tunamshukuru kwa kutokuja.

Dada yetu, Mama Hadubini, maji yana mtu. Pumzika sasa, kwa amani.